Pikapu ya Sylvère Inalia Upande Gani

Kule Cibitoke, kwenye kona ya mafundi wa kuchomelea vyuma, kuna ubao mrefu uliowekwa juu ya matofali, na juu ya ubao huo kuna wanaume ambao hakuna mke aliyewahi kuwatuma sokoni wakarudi siku ileile. Concilie huwauzia kahawa ya tangawizi, na kwenye kona ile ni yeye peke yake anayejulikana kuwa na kazi. Anayekaa mwanzo wa ubao ni Gaspard, wanamwita Avoka, yaani wakili, kwa kuwa aliwahi kuitwa mahakamani, ingawa aliitwa kama shahidi wa mbuzi. Katikati yuko Népomuscène, Injeniyeri, mwenye mwili wa watu wawili na jirani. Ujanani aliwashikia wapima ardhi ncha ya kamba, na tangu hapo hakuna asichokipima kwa jicho. Mwisho ni Rénovat, Météo, ambaye kila jambo la dunia, hata talaka, hulieleza kwa joto na mvua. Kijiwe hicho kina sheria moja tu: kikienda mahali, kinaenda chote.

Ijumaa jioni mafundi walikuwa wamemaliza kuishusha pikapu ya Sylvère, kijana wa kona ileile. Walitoa lame moja ya resori kila upande, vile vyuma vilivyolaliana chini vinavyobeba mzigo, wakaivalisha magurudumu mapana ya gari la mjini, ikawa inatambaa kama bata mwenye mali. Haikuwa imemaliza hata kupanguswa vumbi, kijiwe chote kikapanda nyuma kuizindua. Walikwenda nayo Musaga, wakarudi, na harufu ya mpira ulioungua ikarudi pamoja nao. Ikalala pale pale konani.

Jumamosi asubuhi Sylvère alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, kahawa inampoa mkononi. Saa nane mchana alitakiwa awe Gihosha, kwa kina Ingrid, kuombewa mke. Kaziye, yale makreti ya bia, zilikuwa zimepangwa ukutani kwa Concilie, pamoja na kidumu cha urwarwa, pombe ya ndizi. Na kwa kuwa mtu hajiombei mke mwenyewe, ilimpasa kupeleka wasemaji. Baba hakuwa naye, wajomba walikuwa mbali na hawakujisumbua. Wasemaji wake ndio hao wa ubao. Pine la gurudumu likipasuka kwenye kilima cha Gihosha, bia barabarani na wazee mtaroni, basi Ingrid ataozwa kwa mwanamume mwingine, mwenye gari lisiloshushwa.

— Wazee, alisema, iko inakwaruza. Nikipita ku shimo inalia, nikikata kona inalia. Tutafika namna gani?

Injeniyeri alifumba jicho moja.

— Inalia kushoto. Mi nilisikia jana, ilikuwa chini ya matako yangu. Resori ya kushoto imekufa.

— Resori haifi siku ya kwanza, alisema Météo. Ni joto. Pine ikipata joto inavimba, inagusa gadibu, ile bati ya juu yake. Ungeitengeneza mu mwezi wa mvua, haingelia.

— Jana jioni kulikuwa na baridi, alisema Injeniyeri.

— Baridi ya inje. Mi nasema joto ya ndani.

Avoka aliweka kikombe chini, maana alikuwa hawezi kusema bila mikono miwili.

— Tusihukumu bila kusikiliza mushitakiwa. Twende tukamusikilize.

Sylvère akasema labda aende yeye peke yake, mara moja tu, kwa sababu ile essence ya kutia garini aliipangia foleni mpaka miguu ikavimba. Avoka alimtazama kama mtoto aliyetukana kanisani.

— Peke yako? We kijana, wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Gari tupu itapiga kelele za uongo. Ukitaka ukweli, jaza debe.

Wakapanda. Na kwa kuwa Injeniyeri ana goti bovu, ubao nao ukapandishwa, ukalazwa nyuma ya pikapu. Wakazunguka mtaa. Kwenye tuta la kwanza gurudumu la kushoto lilikwaruza gadibu, mtoto mmoja akaziba masikio.

— Kushoto, alisema Injeniyeri aliyekaa kushoto. Si nilisema?

— Hebu tuhamie kuume, alisema Avoka, tuisikilize kwa umbali. Hakimu hakai upande wa mushitakiwa.

Wakahama wote. Sylvère akazunguka tena. Kwenye tuta lile lile gurudumu la kuume likalia, la kushoto likanyamaza kama bibi arusi.

Waliporudi konani Concilie akawamiminia kahawa.

— Imehama, alisema Météo kwa sauti ya chini.

— Nini imehama? aliuliza Sylvère.

— Ugonjwa. Ulikuwa kushoto, sasa iko kuume. Ni upepo. Upepo wa ziwa unaingia asubui upande mumoja, unatokea upande mwingine.

— Upepo gani unakwaruza bati? alisema Injeniyeri. Ni barabara. Nimeipima, imelala kuume. Tukienda imelala kuume, tukirudi imelala kushoto. Barabara ya Buja yote imelala.

— Jana Musaga tulienda na kurudi, alisema Sylvère, na yote ililia kushoto.

— Donc jana barabara ilikuwa bado haijalala.

Sylvère aliweka paji la uso kwenye mlango wa gari. Bati lilikuwa limepata moto, maana saa sita ilikuwa imepita. Alimfikiria Ingrid, ambaye tangu asubuhi alikuwa anasukwa na kuvutwa kichwa na dada zake, na hajui kwamba ndoa yake iko mikononi mwa watu waliokwenda kupima barabara kwa jicho.

— Mi nitasema, alianza Avoka, na wote walijua kwamba hataacha. Kitu chenye kuhama si chuma. Chuma inakaa mahali umeiweka. Chenye kuhama ni mutu. Iko mutu hapa hataki hii ndoa. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Unasema nani? aliuliza Météo.

— Sisemi nani. Nasema tu Concilie hakupanda.

Concilie aliendelea kusuuza vikombe.

— Mi nilibaki kulinda bia, alisema. Mukitaka niache kuilinda, semeni.

Hawakutaka.

— Basi tukate gadibu, alisema Injeniyeri. Fundi alete msumeno. Pasipo bati, pine itagusa nini?

— Na mvua ikinyesha, alisema Météo, matope yataenda ku nguo ya wakwe.

— Tuwaombe wakwe wakae mbele.

Sylvère alikuwa anainua kichwa kukataa msumeno, akamwona mwanamke anashuka kwenye basi ng'ambo ya barabara. Alikuwa amevaa invutano ya sherehe, ile nguo inayofungwa begani, na mwamvuli ameushika kama fimbo. Sylvère akasimama wima. Ni Léocadie, shangazi yake Ingrid, mama anayeogopwa Gihosha yote kuanzia padri mpaka mbwa.

— Tantine, alisema Sylvère.

— Nimetumwa kuangalia kama uko muzima. Kule wageni wamekaa, koo imekauka. Gari iko na nini?

Walimweleza wote kwa pamoja: resori, upepo, barabara, mtu asiyetajwa. Léocadie alisikiliza huku akiuangalia ule ubao uliokuwa bado nyuma ya pikapu.

— Hiyo kiti ni ya nani?

— Ya kijiwe, alisema Avoka. Tunaipanda tukienda kusikiliza.

— Munaenda wote?

— Kijiwe hakigawanyike, mama. Umoja ni nguvu.

— Naona, alisema Léocadie. Na musipopanda, inalia?

Météo alimtazama Injeniyeri. Injeniyeri alitazama barabara. Avoka alinyanyua mikono yake yote miwili, akaitazama, akaishusha. Pikapu hiyo, tangu ishushwe, ilikuwa haijatembea hata hatua moja bila wao.

Sylvère hakungoja. Alishusha ubao, akazunguka mtaa peke yake. Kwenye tuta pikapu ilishuka na kupanda bila neno. Akarudi, akapakia kaziye na kidumu, akazunguka tena na chupa zikilialia nyuma. Gari lilikaa chini, ndiyo, lakini kati ya pine na bati bado mkono ulipita. Aliposimama mbele ya ubao alikuwa anacheka, na alikuwa hajacheka tangu Ijumaa.

— Nilisema ni uzito, alisema Injeniyeri. Mulinikatiza.

— Haya, tupande, alisema Avoka, na mguu wake ulikuwa tayari kwenye gurudumu.

Mwamvuli wa Léocadie ukalala mbele ya kifua chake, kama kizuizi cha polisi.

— Bia na nyinyi, muzee, pamoja hapana. Muliona wenyewe.

— Bia bila maneno ni ulevi, mama. Nani atamuombea huyu mutoto?

— Hilo ni kweli, alisema Léocadie. Mbele iko dereva, na mi nitakaa kati, niko mwembamba. Inabaki nafasi ya mutu mumoja.

Akawapitia kwa macho, kuanzia mwanzo wa ubao mpaka mwisho.

— Nani kati yenu anajua kusaba mugeni, kuomba bibi arusi, kwa maneno mafupi?

Fundi mmoja ng'ambo alizima mashine yake ya kuchomelea, akangoja naye. Météo alitazama mawingu, lakini siku hiyo hayakuwepo. Injeniyeri alifumba jicho lake la kupimia. Sylvère aliwasha gari.

Hatimaye Avoka akapiga hatua moja mbele, akakohoa, akanyoosha mikono miwili.

— Kwanza, alisema, inabidi tuelewane neno fupi ni nini.

— Twende, alisema Léocadie, akapanda na kufunga mlango, akamgeukia Sylvère. Kule tuko na wasemaji wengi. Tutakuazima mumoja.

Pikapu ikaondoka, ikapita tuta, ikanyamaza. Kwenye kioo Sylvère aliwaona wameubeba ubao begani, wanaelekea kituo cha basi, Injeniyeri kushoto, Météo kuume, na Avoka mbele yao, mikono hewani, bado anaeleza.