Bakuli la Bluu Lililopasuka Siku ya Matanga

Sikilizeni wanangu, na wewe Revocatus iweke hiyo simu juu ya stuli, karibu na mdomo wangu, maana sauti haifiki mbali tena na sitarudia. Tereza umekaa unatazama ukuta, Evelina unatazama dirisha, kama mlivyozoea. Kaeni tu. Akili yangu iko sawa, mwili ndio umegoma. Na niwaambie ukweli, ugonjwa haujanichosha kama mlivyonichosha nyinyi. Wiki nzima hii kila anayeingia humu akishasema shikamoo anatupa jicho kabatini. Evelina kaandika orodha. Revocatus kapiga picha, kampelekea mtu wa Dar anayekusanya vyombo vya kioo vya zamani. Miaka yote hiyo mliniita mama wa makopo, leo mnataka kugombania makopo na mimi bado napumua.

Ya nyumba ni mafupi. Nyumba hii ya Mkolani isiuzwe. Revocatus akae humu, lakini kila dada yake awe na chumba chenye kitanda na ufunguo, asije akatandikiwa godoro sebuleni kama mgeni wa msiba. Shamba la Magu ni la wote watatu. Halafu ule mfuniko wa kioo wenye ufa kwenye kishikio si wangu. Ni wa Mama Moza, jirani. Niliuazima Revocatus alipopata kipaimara, na kila mwenyewe aliponikumbusha nilijifanya sisikii. Mrudishieni na mumwombe radhi kwa jina langu.

Sasa mabakuli. Mnadhani niliyakusanya kwa kupenda urembo. Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza pale Mirongo, tumepanga chumba kimoja na baba yenu Josephat, na juu yetu alikaa Mama Nusrat, mke wa muuza vifaa vya ujenzi. Walipohamia Dar alinipa mabakuli mawili ya kuokea, moja jeupe la kuonekana ndani, moja la bluu lenye maua ubavuni. Baba yenu akatengeneza tanuri la debe, mchanga chini, mkaa juu. Siku ya kwanza nikaoka sato kwa nyanya na vitunguu. Mzee akachuchumaa anachungulia kwenye kioo, mchuzi unachemka pembeni, akasema, “Bernadeta, kumbe chakula kinaonekana kikiiva.” Mtu aliyekula maisha yake yote kutoka kwenye sufuria nyeusi, ambako unajua chakula kimeungua kwa harufu tu. Alicheka kama mtoto.

Tangu hapo akienda soko la Mlango Mmoja kununua viatu vya mitumba anarudi bila viatu. Anafukua kwenye marundo ya vyombo, anakipindua kimoja, anasoma maandishi ya chini, anakigonga kwa kucha asikie mlio. Siku moja alirudi amebaki na singilendi tu, shati kafungia bakuli. Hivyo ndivyo vilivyofika thelathini na kimoja. Mimi nikivishika sioni kioo, namwona yeye anaingia mlangoni bila shati, anaona haya kwa majirani. Hicho ndicho nilichokuwa nakifungia kabatini. Nyinyi mkigusa nilifoka: msiweke kwenye moto wa jiko, kioo cha oveni kinapasuka, hamna akili. Nimewafokea hivyo miaka thelathini.

Nipeni maji. Basi, inatosha.

Jana padre alipokuja kunipaka mafuta niliungama jambo moja, akaniambia hilo nimemwambia Mungu, bado sijawaambia wenyewe. Nilikasirika. Lakini kasema kweli.

Siku ya kuanua matanga ya baba yenu, miaka sita iliyopita, mlikuta bakuli la bluu limepasuka jikoni. Tereza ulikuwa umepiga magoti unaokota vipande. Evelina ukaingia ukasema, “Hata siku ya baba umeshindwa kuwa na akili?” Tereza ukajibu, “Sijaligusa, nimelikuta hivi.” Evelina ukamwita mwongo mbele ya shangazi zenu. Tangu siku hiyo hamsalimiani. Queen, binti wa Evelina, aliolewa, Tereza mama yake mkubwa hakuketi mezani. Tereza alifanyiwa upasuaji, mdogo wake hakufika hospitali. Kila mmoja ananipigia simu kumsema mwenzake, na mimi nawaambia nyote wawili mna vichwa vigumu.

Tereza hakusema uongo. Ni mimi.

Tulia, Evelina, nimalize. Kabla baba yenu hajalazwa nilimwokea pudini ya mkate katika bakuli lile. Alikula nusu. Akafa, nusu ikabaki kwenye friji, wala sikumruhusu mtu kuigusa. Siku ile ya matanga nilitaka kuila peke yangu. Umeme ulikuwa umekatika. Nikalitoa kwenye baridi nikalibandika juu ya jiko la mkaa, mimi mwenyewe, mwenye kuwafokea. Mara nikaitwa nje, wageni wa Geita wamefika. Nikasikia mlio nikiwa nimeshikwa mikono. Niliporudi nyinyi mlikuwa mnagombana tayari, na mimi nikasimama mlangoni nikanyamaza. Niliona aibu. Halafu ile pudini ilikuwa imemwagika kwenye majivu. Kesho yake nikasema nitawaambia kesho. Miaka sita.

Msiniambie si neno. Ni neno. Nimewanyima undugu kwa ajili ya kioo, na hilo ndilo deni ninaloondoka nalo. Kasirikeni, lakini nikasirikieni mimi.

Vyombo... Revocatus, mwambie mtu wa Dar aache. Tereza achague kwanza, amedhulumiwa. Evelina afuate. Kinachobaki ni chako na mkeo. Na vitumike. Okeni, vichakae, vipasuke. Mtoto akivunja, fagieni, basi. Mazishi yangu yawe asubuhi, wageni wawahi njia. Msinitie kabatini cheni wala pete, wapeni wajukuu... nimesema kabatini? Kaburini. Mnaona, nimechoka.

Mungu awape mikono isiyoshikilia sana. Awape... awape kucheka, kama baba yenu. Revocatus, ubarikiwe, umeniogesha bila kununa. Tereza, mama, nisamehe. Evelina, nawe.

Ubavu huu unaniuma. Nigeuzeni. Hapana, Revo, wewe kaa. Tereza shika bega... Evelina, huku, kiunoni. Mmoja peke yake ananiumiza. Pamoja. Hesabuni pamoja, ndiyo... polepole... hivyo hivyo. Msiachie.