Bi Hebu na Kitufe Chake

Tarehe 30 mwezi huu, saa kumi kamili jioni, mpokea simu wa karakana yetu ya fanicha atapokea simu yake ya mwisho, kisha ataenda kupumzika baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi. Kwenye faili ana jina refu la heshima. Sisi tunamwita Bi Hebu, na wateja wengi hawajui kama ana jina jingine.

Jina hilo alijipa mwenyewe bila kukusudia. Baada ya salamu, ambazo haziruki hata kama karakana inaungua, humwambia kila anayepiga: hebu nieleze. Halafu ananyamaza. Hapo mteja humwaga yote: kabati limegoma kupita mlangoni, kitanda kinalia, mama mkwe anakuja Ijumaa na sebule haina kochi la kumkalisha. Bi Hebu huandika kila kitu. Mpaka leo amejaza madaftari kumi na saba.

Chumba chake mnakijua, kile kilichobanwa kati ya mlango wa mbele na stoo ya mbao. Kina dirisha moja, simu ya mezani, kalamu iliyofungwa kwa kamba ili mafundi wasiondoke nayo, na kiti chenye mguu mmoja mfupi. Chini ya mguu huo huweka kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne, na kikichakaa hukunja kingine. Nyundo zikizidi akiwa kwenye simu, hugonga ukuta mara tatu, na karakana nzima hutulia, Mkurugenzi akiwemo. Kuhusu kiti nitasema baadaye, nikishapiga moyo konde.

Miaka tisa iliyopita duka kubwa la fanicha za kuletwa tayari lilifunguliwa mtaa wa pili, na wateja wetu wa zamani wakaanza kutupungia mkono tu wakipita. Mkurugenzi akamleta mtaalamu wa tovuti. Tovuti ilitoka nzuri kweli, ina kochi la kijivu ambalo hatujawahi kutengeneza, na bwana na bibi wanaocheka ambao hakuna anayewafahamu. Juu yao yaliandikwa maneno haya: Tunabuni samani zenye hadhi kwa makazi ya kisasa. Miezi minne ikapita bila mteja hata mmoja kutoka huko.

Mkurugenzi alituita uani akasema bila kuzunguka kwamba, mambo yasipobadilika kabla mwaka haujaisha, chumba cha vanishi kitafungwa na sisi watano tuliomo tukatafute riziki kwingine. Mimi ni wa pili kutoka dirishani. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na siku ile nilipaka meza moja vanishi mara mbili bila kujua.

Bi Hebu aliomba aonyeshwe hiyo tovuti. Akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akauliza ni nani anayeongea hivyo. Kwa miaka ishirini na miwili kwenye simu, alisema, hajasikia binadamu akiomba samani yenye hadhi. Watu huomba kabati la vyombo, meza ya watu sita na kitanda kisicholia. Kisha akaweka kidole kwenye kitufe kilichoandikwa Wasilisha, akataka kujua anayekibonyeza ujumbe wake unakwenda wapi.

Mtaalamu akatafuta, akakohoa. Ujumbe wote ulikuwa unakwenda kwenye anwani ya mtunza stoo ambaye aliacha kazi wiki moja kabla ya tovuti kuzinduliwa. Sisi tulikuwa tunalia kwamba hatuna wateja, kumbe watu sitini na watatu walikuwa wamebisha hodi na hakuna aliyewafungulia.

Aliwapigia wote. Hakutumia visingizio, aliomba radhi, halafu akasema hebu nieleze. Kulikuwa na mama aliyeulizia kitanda cha mtoto kabla hajajifungua, na sasa mtoto alikuwa ameshazaliwa na kuzoea kulala na mama yake. Mtu mwingine angetoa pongezi na kukata simu. Bi Hebu alimsikiliza mpaka akaambiwa kwamba kaka wa mtoto ananuna kwa wivu, na siku hiyo hiyo tukapata kazi ya kitanda cha kaka mtu. Mpaka leo sijui mauzo ya namna hiyo yanafundishwa wapi.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niombe kuandika wasifu huu mwenyewe. Mtaalamu alikuwa amemwambia Mkurugenzi mbele yetu kwamba maswali ya wateja yakijibiwa kwenye tovuti, mtu wa kupokea simu hatahitajika tena. Bi Hebu alikuwepo na alisikia. Maswali yalikuwa kwenye madaftari yake, wakati huo kumi na mawili, ndani ya droo ambayo ufunguo wake huvaa shingoni. Angeyaacha humo, hakuna ambaye angemlaumu. Kesho yake aliyaweka yote mezani kwa yule mtaalamu, akavuta kiti chake kibovu na boksi lake, akaketi.

Walikaa wiki tatu. Kochi la kijivu likaondoka, zikaingia picha za kazi zetu na sisi wenyewe, mimi nikiwa na vanishi mpaka kwenye viwiko. Zikaandikwa kurasa kwa maneno ya wateja: Kitanda kinalia, tatizo ni nini? Pima mlango kabla hujapima kabati. Na kile kitufe cha Wasilisha kikabadilishwa kikawa Hebu tueleze. Mtaalamu alipinga, akidai hiyo si lugha ya tovuti. Alijibiwa kwamba tovuti hainunui vitanda.

Watu waliotafuta mtandaoni kwa simu zao, wakiandika kwamba kitanda kinalia, wakaanza kutupata sisi kwanza. Kabla mwaka haujaisha chumba cha vanishi kiliongezewa mtu wa sita. Na simu ya mezani, ambayo tuliambiwa itanyamaza, ikazidi kulia, kwa sababu watu husoma kwanza halafu hupiga wasikie kama huyo anayewauliza ni mtu kweli. Binti yangu sasa yuko darasa la tatu. Bi Hebu, ulikuwa tayari kupoteza kazi yako ili sisi tubaki na zetu, na sijawahi kukuambia ahsante. Ahsante, mama.

Wiki iliyopita uliingia ujumbe kupitia kitufe hicho. Mteja alieleza kwamba anastaafu, mgongo unamsumbua, na anataka kiti cha kukalia mbele ya nyumba yake. Aliongeza kwamba angefurahi kama miguu yote minne ingekuwa sawa, maana kwa miaka thelathini na mmoja amekalia boksi katika jengo lenye mafundi kumi na wawili wa viti. Tulisoma, tukacheka, kisha kila mtu akaangalia chini. Ndilo lalamiko lake pekee tangu aajiriwe, na ilibidi tujengewe tovuti ndipo tulisikie.

Mama yetu, tumekuelewa. Kiti kiko tayari. Tumekiweka juu ya sakafu ya kila chumba na hakiyumbi. Vanishi nimepaka mimi, mara mbili, safari hii kwa makusudi. Afya njema, wajukuu watiifu na asubuhi zisizo na kengele ya simu viwe vyako. Umetusikiliza vya kutosha. Sasa kaa.