Mursik ya Buluu

Ndugu zangu, na akina mama hapo nyuma, kabla ya jicho nianze na kibuyu. Mama yangu alikuwa anachoma kijiti, anasugua makaa yake ndani ya kibuyu mpaka mkono unachoka, ndipo anamwaga maziwa. Mursik yake, yaani hayo maziwa yakishaganda kibuyuni, ilikuwa na rangi ya buluu kidogo, kama moshi. Sisi huku tukiona buluu hiyo tunamsifu aliyesugua. Shikeni hapo, nitarudi.

Sasa, uzee huu, mwili ulikataa mambo ya chumbani. Chekeni tu. Wengine mnacheka mkiangalia chini. Badala ya hospitali nikaenda kwa jamaa anayeuza dawa chini ya mwavuli sokoni Ndanai. Vidonge alivifunga kwa gazeti, vidole vimejaa mafuta ya mandazi. Nikikumbuka vile vidole nataka kutema mate hata hapa kanisani. Hakuniuliza kama nina presha. Ninayo.

"Mzee, meza viwili, utarudi kijana."

Nikameza viwili. Jioni mama watoto akanipa kikombe, nikaona buluu safi. Nikamwambia, "Leo umesugua kibuyu kama marehemu mama."

Akaniangalia. "Baba Chebet, hayo ni maziwa ya leo. Hayajaona kibuyu."

Nikamaliza kikombe kwa aibu. Asubuhi jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa nusu, giza tu. Nikaenda kuchuma chai hivyo hivyo. Mama watoto akachungulia kikapu changu, majani magumu matupu, si yale machanga yanayochumwa. Hakugomba. "Vua gambuti, twende hospitali."

Daktari akauliza nimemeza nini. Nilitaka kusema Panadol.

"Sema," mama watoto akasema, "ama niseme mimi."

Nikasema yote, hata buluu. Daktari akatuambia ile buluu ilikuwa ya vidonge, kwamba mshipa wa fahamu wa jicho ulikosa damu, na jicho hilo pengine halitarudi vile lilikuwa. "Usimeze tena. Sasa tulinde la pili."

La pili ndilo linawaona leo. Asante mama watoto, asante daktari, asanteni mlionichumia chai. Wazee, nawaambia, hiyo shida ipelekeni kwa daktari, mseme dawa zote mnazomeza. Na jicho likififia ghafla, nendeni siku hiyo hiyo.

Yule jamaa nilimrudia. Nikamwambia mbele ya wateja, "Jicho hili limekufa kwa vidonge vyako."

Akajifuta vidole kwa suruali. "Ni umri, mzee. Ngoja ninywe chai kidogo, nakuja."

Akabeba begi, akapita kwa wauza kuku bila haraka. Mwavuli wake bado uko pale, yeye hajarudi.