Mama Eksirei na Paa la Ukumbi wa Shule

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bibi Yu Hsiu-man, Dada Man wetu, anastaafu tarehe 30 Juni kutoka kitengo chetu cha majengo ya shule hapa Taitung.

Alianza kama karani wa kupokea barua. Kufikia mwaka wa tisa, yeye ndiye aliyekuwa akiwachuja wakandarasi kabla hawajapewa kazi, nao wakambatiza Mama Eksirei. Mmoja aliwahi kumletea kasha la topetope. Alilirudisha kwa treni siku hiyo hiyo, nauli akalipa mwenyewe, juu yake ameandika: "Yameiva vizuri. Je, na zege lako?"

Mkandarasi akimwonyesha jengo jipya, yeye huuliza la zamani liko wapi. Kisha huenda huko na mabuti yake, na hamtafuti mwalimu mkuu. Humtafuta mpishi na mfagiaji.

Mwaka tulipotafuta fundi wa kuezeka upya ukumbi wa shule ya kijiji nilikozaliwa, msimu wa vimbunga ulikuwa unabisha hodi. Kampuni moja ilileta jalada la kupendeza na bei ya chini kuliko zote. Mimi nilishatia saini.

"Dada Man, karatasi zote zimekamilika. Unangoja nini tena?"

"Nangoja mvua, mdogo wangu."

Ilinyesha Alhamisi. Tulikwenda kwenye shule ambayo kampuni hiyo iliiezeka miaka sita nyuma. Mpishi alitupokea katikati ya mabeseni saba yaliyotandazwa sakafuni.

"Hilo la bluu msilisogeze," alituonya. "Ndilo lenye kazi kubwa."

Nilicheka, kisha aibu ikanishika.

Jalada la Bwana Kao Ting-fa, fundi wa huku huku kwetu, lilikuwa na doa la mchuzi. Lakini mfagiaji wa shule aliyoiezeka zamani alimcheka kwa mapenzi: "Huyo? Kimbunga kikipita tu, huyo na ngazi yake, wala hatujampigia simu! Anapanda, anagongagonga, anakunywa chai, anaondoka."

Dada Man akafunga daftari. "Basi. Huyu tumeshamjua."

Mkuu wetu wa wakati huo alifoka kwa sababu ya wiki mbili tulizopoteza. Kimbunga kikikuta ukumbi hauna paa, alisema, atakayejibu ni Hsiu-man. Dada Man aliitikia, akaandika jina lake kamili chini ya uamuzi ule. Usoni alikuwa ametulia, lakini niliona chai yake imepoa bila kuguswa.

Bwana Kao alimaliza siku nne kabla ya kimbunga. Watu mia mbili walijihifadhi ukumbini, mama yangu akiwa mmoja wao. Asubuhi alinipigia simu: "Upepo umevuma kama umerogwa, lakini hata unywele wangu haujalowa! Nani kaezeka hapa?"

Nilimtajia Bwana Kao peke yake. Leo, mbele ya wafanyakazi wenzangu wote, namtaja na aliyemchagua.

Ahsante, Dada Man. Tunakuombea afya, usingizi mnono na safari ndefu. Mumeo, Bwana Chuang, ametuomba tuongeze dua moja: bomba la jikoni kwenu linavuja mwaka wa pili sasa, na fundi wa tano bado anachunguzwa. Mungu amjalie apite.