Jumamosi ya Mzee Odiwuor

Kwenye feri ya kutoka Mbita, mbele yangu walikaa wawili wakizozana kuhusu kalenda ya mtandaoni. Mellen, karani wa kanisa, alikuwa ameiunganisha na barua pepe ya kanisa lao ili mchungaji, kwaya na wazee wote waione kwa simu. Austine, mwalimu wa kwaya, aliisifu kama mtu aliyenunua ng'ombe wa maziwa.

"Madam, tangu uiweke hatujagonganisha mazishi hata mara moja. Siku hizi hata wenye kukodisha hema wanatuuliza sisi kwanza."

"Asante, Mwalimu. Lakini nani alikuambia uweke mazishi ya mtu ako hai?"

Austine alikohoa. "Mzee Odiwuor alikuwa amelazwa, hali mbaya. Na unajua vile Jumamosi hujaa. Nilimshikia tu nafasi, kwa heshima."

Nilimwelewa. Huku kwetu Jumamosi isiyo na mazishi hatuijui.

"Na si yeye ni mzee wa kanisa?" Mellen alidakia. "Si ako kwa hiyo kalenda? Mwaliko wa mazishi yake ulimpata kitandani!"

"Yawa! Akasema nini?"

"Hakupiga simu, hakugombana na mtu. Alibonyeza 'Sitahudhuria'."

Austine alitikisa kichwa. "Huyo mzee ni mwanaume," alisema, na kusema kweli hata mimi nilimvulia kofia. Kisha akatoa simu yake. "Basi nimsogeze Jumamosi ijayo?"