Nafasi ya Lugano

Tupokigwe alipanda basi la mwendokasi asubuhi hiyo akiwa na furaha. Shule moja ya binafsi ilikuwa imekubali kumsomesha bure binti yake, Lugano, aliyekuwa anaongoza darasa katika shule ya serikali. Kilichobaki ni yeye kwenda kusema ndiyo.

Mbele yake walikaa abiria wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya serikali, na alivyopaza sauti, basi zima liligeuka darasa.

"Shule za binafsi zinatuchukulia wanaofanya vizuri, mama. Mmoja aliyeondoka darasani kwangu ndiye alikuwaga anawaelekeza wenzake. Waliobaki sasa wamshike nani?"

"Kwa hiyo mtoto akwame ili wewe upate msaidizi?" alijibu yule wa pili, mama aliyejitanda mtandio. "Wangu nilimpeleka huko. Kiingereza kinamtoka kama maji."

"Na mtaani anacheza na nani?"

Mama yule alirekebisha mtandio wake. "Hachezi na mtu. Anasema hawaelewi wenzake wa mtaani."

Tupokigwe alimkumbuka Lugano akiwafundisha hesabu watoto wa majirani barazani. Moyo ukamwambia akatae. Halafu akakumbuka darasa la Lugano, watoto wanavyokaa sakafuni, moyo ukageuka tena.

Basi liliposimama kituo cha Manzese, wale wawili walishuka wakiendelea kubishana. Tupokigwe naye akashuka mbio awaulize afanyeje, ingawa kituo chake kilikuwa bado. Alipofika nje, mwalimu alikuwa ameshika njia yake, na yule mama ameshika ya kwake. Tupokigwe akasimama, asijue amkimbilie yupi.