Dari ya Jua na Mashine ya Bi Rumyana

Mheshimiwa Meya, Padri Metodi, Bibi Mkuu wa Shule, ndugu wageni mliotoka wilayani, majirani zangu wa Brezhene, pamoja nanyi mliosimama nyuma kwa kuwa viti havikutosha: hamjambo nyote, na karibuni chini ya dari.

Baada ya wenye hadhi, nijitaje na mimi. Naitwa Stamen Kolarov, katibu wa Jumba hili la Kusomea. Si fundi, si mchongaji, wala sina undugu na hao nitakaowasema. Katika jambo hili kazi yangu ilikuwa kushika funguo. Mtu wa funguo huona mengi na haombwi maoni. Leo nimeombwa.

Mnakumbuka majira ya baridi yaliyopita, theluji ilivyolala juu ya paa hili hadi boriti zikachoka, na dari ya mbao za mjozi, yenye jua katikati na majani kulizunguka, aliyoichonga babu wa jirani yetu Mzee Penyo Gaidarski, ikashuka juu ya viti. Tunamshukuru Mungu, viti vilikuwa vitupu. Wilaya ikatuarifu kwa adabu kwamba ukumbi usiporudishwa kama ulivyokuwa, jumba litafungwa na vitabu vyetu vitahamishwa. Tukauliza bei kwa wachongaji wa mjini. Tulipoijua, mweka hazina wetu alivaa kofia akaenda zake bila kuaga.

Je, hatukuwa na mchongaji wetu wenyewe? Tulikuwa naye. Mzee Penyo alihudhuria mkutano wetu wa kujadili dari akiwa amesimama karibu na jiko, mikono ndani ya mifuko ya koti. "Msiniombe," akasema. "Nimeacha kuchonga." Hakusema sababu. Wengi walisema ni kiburi. Wachache waliokuwa wamemwona akinywa kahawa, kikombe kikigonga sahani, walinyamaza.

Hapo ndipo aliposimama Bi Rumyana Tasheva, aliyekuwa fundi wa mitambo ya kufumia katika kiwanda chetu hadi kilipofungwa, na aliyekuwa mke wa Mzee Penyo hadi mwaka huohuo. Kwa nini waliachana? Wao wanajua, na mji mzima unajidai kujua.

"Mashine ya kuchonga inaweza kuundwa," akasema. "Kisu kinazunguka, mota tatu zinakisogeza, kompyuta inafuata mchoro. Nipeni ghorofa ya chini na mniletee mashine zote za fotokopi zilizokufa."

Tulicheka, tusidanganyane. Bwana Todor wa duka la mikate alimwambia, "Rumyana, mashine ya kufulia ya mama uliitengeneza wewe, na mpaka leo inatembea jikoni kama mbuzi!"

"Inatembea," akajibu, "lakini nguo zinatoka safi. Mwambie mama aifunge kamba."

Basi zikaletwa. Ndani ya mashine ya fotokopi, kumbe, mna vyuma laini vilivyonyooka vya kutelezea, mna mikanda yenye meno, mna mota. Posta walitupatia kompyuta waliyokuwa wakiegemeza mlango. Kiunzi alikiunda kwa mbao, kwa sababu mbao tulikuwa nazo. Kilichokosekana ni mchoro, nao ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Nilifuatana na Bi Rumyana hadi uani kwa Mzee Penyo. Aliniomba niwe shahidi, au ngao, sijui.

"Una jambo, sema na wakili wangu," akasema mzee kutoka upande wa pili wa uzio.

"Wakili wako alishakufa, Penyo."

"Basi msubiri."

Tulirudi mikono mitupu. Bi Rumyana akapiga picha vipande vilivyopona, akavichora upya mwenyewe, akaanza. Sauti iliyotoka ghorofa ya chini siku hiyo siwezi kuieleza mbele ya padri. Kisu kililia juu ya ubao, kikaukwaruza, jani likatoka na ukingo uliotafunwa. Alipunguza mwendo, akakaza skrubu, akabadilisha kisu. Jani la pili likawa baya kuliko la kwanza.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Penyo alikuwa amevuka barabara na kandambili za nyumbani.

"Mnaua mti!" akafoka. "Nyumbani kwangu nasikia! Hicho kiunzi kinacheza!"

"Hakichezi. Nimekikaza mimi."

Mzee akatoa mkono mfukoni akauweka juu ya kiunzi, na hapo sote tukauona. Mkono ulitetemeka, ubao ulitetemeka, wala hapakuwa na namna ya kujua kipi kinakitikisa kingine. Alitaka kuurudisha mfukoni. Bi Rumyana akauwahi, akaufunika kwa mkono wake, akaukandamiza palepale mpaka ukatulia.

"Na sasa?" akauliza.

Mzee alisikiliza mtetemo wa ubao chini ya kiganja. "Mashine," akasema. "Ni mashine inayotikisika."

"Basi nataka chuma kizito," akasema Bi Rumyana, bila kuuondoa mkono wake.

Ndugu zangu, chuma hicho wengi wenu mmekibeba kwa mabega yenu. Lilikuwa fremu la mtambo wa kufumia, lililoachwa kiwandani pamoja na njiwa wake. Trekta ya Todor ililivuta, rakia, pombe yetu kali ya plamu, ikawavuta wabebaji. Waliokuwa wafumaji walilipapasa kama ng'ombe waliyemfahamu. Na mashine ilipofungwa juu yake, ilinyamaza. Jani likatoka safi, ukingo kama wa kioo.

Mzee Penyo akaliinua, akalitazama, akasema, "Hili ni jani la sabuni, laini bila uhai."

Yakaanza mabishano ya msimu mzima. Mzee alikaa kwenye kreti, akaelekeza.

"Hapa lizame kidogo."

"Kidogo ni milimita ngapi?"

"Kidogo ni kidogo!"

"Kompyuta haijui kidogo, Penyo."

"Wewe mwenyewe hukuwahi kukijua."

Nilidhani patasi itaruka. Badala yake Bi Rumyana alicheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kiwanda kilipofungwa. Akampa kipande cha udongo wa mfinyanzi, mzee akabonyeza kidogo chake kwa kidole gumba, Bi Rumyana akakipima. Hivyo ndivyo kila jani lilivyozama.

Lilipobaki jua la katikati, mashine ililichonga vizuri, ila mzee hakuridhika na miale. Alikuwa tu akiizungukia. Bi Rumyana akaliona hilo. Alichukua chuma cha kutelezea kilichobaki, akakifungia kigari chenye mto wa kuegemeza mkono, akamwambia, "Weka mkono hapa. Uzito wake utakushika." Mzee Penyo akaleta patasi za babu yake, nami nikatoka nikafunga mlango nyuma yangu, maana si kila kitu ni cha mtu wa funguo.

Wiki iliyopita alikuja mkaguzi kutoka wilayani, kijana mwungwana, yupo hapa leo. Alipanda ngazi, akasifu kila kitu, akatoa kipande cha msasa, akauliza kwa nia njema: mbona miale ya jua ina mawimbi membamba? Je, mashine ilikosea? Isuguliwe kwa msasa?

Tulikuwa wengi chini. Bi Rumyana alifungua kinywa, na usoni mwake niliona kwamba angelibeba yeye kosa hilo. Lakini Mzee Penyo alikuwa ameshatoa mikono yote miwili mifukoni, akaiinua mbele yetu, ikitetemeka.

"Mashine ya Rumyana haikosei," akasema. "Mawimbi hayo ni haya. Mimi ni mgonjwa, na huu ndio mkono nilio nao. Andika hivyo."

Mkaguzi akakunja msasa wake. Bi Rumyana akasema, "Vaa koti, Penyo. Humu ndani baridi."

Mnaniuliza kila siku kama wamerudiana. Hawajarudiana. Bi Rumyana amekaa kulia, Mzee Penyo kushoto, na mkiwaangalia sana watakasirika wote wawili.

Nawashukuru waliobeba, waliotoa, na waliocheka kisha wakabeba. Nawashukuru nanyi kwa masikio yenu; asanteni. Sasa Todor atawasha taa. Tafadhali, inueni macho.